Matope ya Chumba Namba Tatu

Nimeendesha nyumba ya wageni tangu bado nina kiuno, na katika chumba namba tatu nimelaza watu wa kila aina: maharusi, mahakimu, wachuuzi wa vyombo, hata mhubiri mmoja aliyekoroma mpaka bati likatetemeka. Matope sikuwahi kuyalaza. Ilibidi aje binti mmoja na magari mawili na vijana wanne wenye viatu vya mpira ndipo nikajifunza kwamba hata tope linaweza kupewa funguo.

“Shikamoo mama,” alinisalimia. “Nyumba yako ina chumba kisichopigwa na jua?”

“Marahaba. Kipo, namba tatu. Ila kina unyevu, mwanangu, utakohoa.”

“Mimi nitalala popote. Hicho ni cha matope.”

Nilimtazama kuanzia utosini hadi vidoleni. Mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa, kucha fupi kama za mkunga. Vijana wake walimwita Daktari, ingawa mwenye homa asingepata kitu kwake, maana alikuwa daktari wa mawe na udongo. Akanieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuchekwa katika miji mingi. Wangeelea ziwani juu ya chelezo, washindilie mabomba ya plastiki chini kwenye tope, wayavute yakiwa yamejaa, na mabomba hayo hayakutakiwa kupata joto wala kukauka. Tope la juu ni la jana, alisema, na la chini ni la mababu wa mababu. Anayelisoma kuanzia chini atajua ziwa lilizaliwaje na limepitia nini.

“Na likijulikana lilivyozaliwa, litarudi?” nikauliza.

Alitabasamu bila kunijibu. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kwa sababu wataalamu waliomtangulia walijibu upesi mno.

Basi vitanda vikatoka, matope yakaingia. Mji ulipata la kusema. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mdomo wake haujui sikukuu, alipita kila asubuhi kuuliza kama mgeni wa namba tatu ameamka na kama chai yake huwa ya maziwa au ya rangi.

Kibao changu kinasema Nyumba ya Wageni ya Ukingoni. Nilipokipachika hakikuwa cha uongo: maji yalikuwa yakilamba ngazi za nyuma, na wageni walikaa pale wameloweka miguu. Siku hizi ukisimama kwenye ngazi zile unaona uwanda mweupe uliopasukapasuka, na mbali sana mstari unaong'aa. Wageni huniuliza, ukingo wa nini? Huwajibu kwamba ni ukingo wa subira yangu.

Sasa nimtaje mume wangu, kwa sababu kisa ni chake. Mji unamwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo, isipokuwa nikiwa na hasira. Alikuwa fundi wa visima, na sijui mwingine aliyemfikia. Alikuwa akionja maji, anayazungusha mdomoni, anatema, halafu anakuambia yametoka kwenye mchanga au kwenye mwamba. Kiwanja alichosema kina maji kilikuwa na maji. Mashine yake sasa imelala nyuma ya jiko chini ya turubai, kuku wanaitagia mayai, na yeye anakaza koki za watu na kuziba mabomba yanayovuja. Kiti chake barazani kinaangalia barabara. Ziwa amelipa mgongo.

Sababu niliijua mimi peke yangu. Siku moja, miaka mingi iliyopita, alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo si desturi yake, akakaa kitandani na matope yake yote juu ya shuka zangu. Nikajua kuna msiba, maana mume wangu anaogopa shuka zangu kuliko anavyoiogopa serikali.

Fundi wa visima huchimba kwa maji. Mashine inayasukuma chini kupitia bomba, nayo yanarudi juu yamebeba unga wa mawe. Maadamu yanarudi, kazi inaendelea. Alikuwa akichimba nyuma ya soko la samaki, karibu kabisa na ziwa. Ghafla keekee, ile ncha ya kutobolea, ikazama kama mguu uliokosa ngazi, na maji hayakurudi. Akamwaga pipa, likamezwa. Akamwaga jingine, likamezwa. Akazima mashine akasikiliza, na anaapa kwamba alisikia huko chini maji yakienda zake.

“Mke wangu,” aliniambia, “nimelitoboa ziwa.”

Alifunika lile tundu kwa mfuniko wa zege, akawaambia wenye soko kwamba mwamba umemshinda. Mwaka ule mvua zikawa haba, na ziwa likaanza kurudi nyuma. Likarudi na mwaka uliofuata, na mwingine. Soko la samaki likafungwa. Majirani wakaanza kuhama, na wote waliohama, Fundi ndiye aliyewapakilia mizigo, kimya, hataki hata glasi ya maji.

Nilimwamini. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikumwambia aache upuuzi. Lakini mume wangu si mpuuzi, na katika mambo ya ardhi sikuwahi kumwona akikosea. Akisema ametoboa, ametoboa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, nikanyamaza. Nilimpenda, nikamwogopea, na miaka ikapita hivyohivyo.

Mabomba ya Daktari yalihitaji mifuko mirefu ya turubai ya kubebea, yenye alama ya juu na chini, kwa sababu tope likigeuzwa kichwa chini, historia nzima inakuwa imepinduka. Nikampeleka Daktari kwa jirani yetu wa ukutani, Mama Cherehani. Huyu alikuwa na kijana mmoja tu. Walikwenda kuoga ziwani yeye na wenzake, upepo ukageuka, wenzake wakarudi. Ziwa lenyewe mtu mrefu anasimama maji yakamfika kifuani. Kilichomkamata ni tope la chini, na tope halikumrudisha. Ilikuwa miezi michache kabla ya maji kuanza kuondoka.

Alishona mifuko ile vizuri ajabu, pindo mara mbili. Siku alipoileta, alisimama mlangoni mwa namba tatu akiyatazama mabomba yaliyopangwa sakafuni.

“Mwanangu,” alimwambia Daktari, “hayo mabomba yenu huko chini hayajakutana na kitu?”

“Kitu gani, mama?”

“Kitu chochote.”

Daktari alianza kumweleza habari za konokono na magamba ya samaki. Nilimshika mkono nikamvuta jikoni, nikamwambia. Aliweka kikombe chini. Jioni ile nilimwona amekaa kwenye kizingiti cha Mama Cherehani, anamshikia kitambaa huku mwenzake akikata.

Kisha mwenyekiti wa mji akatangaza mkutano. Jumamosi, ukumbini, Daktari atuambie alichokiona. Fundi alisikia tangazo akiwa anakaza koki ya bafu la wageni. Alifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Siku hiyo nitasimama,” alisema.

“Usimame ufanye nini?”

“Niseme. Wameleta mtu kutoka mbali kutafuta kilicholimaliza ziwa, na aliyelimaliza anamkazia koki. Mficha uchi hazai, mke wangu.”

“Na wewe kwa umri huo unataka kuzaa nini?”

Hakucheka. Nilikwenda jikoni nikalia nimegeukia ukuta, kisha nikamenya vitunguu ili nipate kisingizio. Nawajua watu wetu. Ni wema, watakupa chumvi saa yoyote utakayobisha hodi. Lakini watu hawa wamefiwa na ziwa. Wapo ambao watoto wao wako miji ya mbali kwa sababu ya ziwa, na wapo ambao nyumba zao zimebaki na kuta tu. Wakipata mtu wa kumlaumu watamshukuru Mungu, kisha watamla mzima. Na mume wangu angewaachia wamle, hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Siku mbili kabla ya mkutano Daktari aliniita nitazame. Walikuwa wamelaza bomba juu ya meza, wamelipasua ubavuni kwa msumeno mdogo. Kijana mmoja akapitisha uzi wa chuma katikati ya tope, kama mtu anayekata mche wa sabuni, likafunguka pande mbili. Nilitegemea uchafu. Nikaona mistari, mamia kwa mamia, myeusi, ya kijani, ya kijivu, mingine myembamba kama ukucha. Hapa na pale palikuwa na utepe mweupe.

“Huu mweupe ni chumvi,” Daktari alisema. “Hapa ziwa lilikauka kabisa. Ona nyufa hizi zilizojaa mchanga. Ni uwanda uleule ulioko nyuma ya jiko lako, ila wa kale. Halafu tazama juu yake, tope la maji tena.”

“Lilikauka likarudi?”

“Zaidi ya mara moja.”

Fundi alikuwa amekuja mlangoni na spana mkononi, anajitia kukagua bawaba. Bawaba ile haikuwa na tatizo lolote.

“Hapa zamani hapakuwa na ziwa, palikuwa na mto unaopita tu,” Daktari aliendelea. “Halafu nchi ikapasuka sehemu mbili, huku chini ya vilima vya mashariki na kule chini ya vilima vya magharibi. Kipande cha katikati kikawa kinadidimia, kila tetemeko kinashuka kidogo. Mlima wa kusini nao ukatapika, uji wake wa moto ukateremka, ukaganda palepale mto ulipokuwa unatokea. Basi maji yakawa yanaingia kutoka kila upande, na pa kutokea hakuna.”

“Beseni,” nikasema.

“Beseni hasa. Tena lina kina kirefu, mama, ila limejaa tope karibu mpaka juu. Maji mnayoyaona ni kama yale yanayosimama juu ya uji uliopoa. Ndiyo maana ziwa ni pana na mtu anasimama. Jua likinywa maji ya kimo cha goti tu, ukingo unakimbia mbali kuliko macho.”

“Na mtu akilitoboa beseni chini?” Fundi aliuliza kutoka mlangoni.

Daktari alicheka kidogo. “Alitoboe na nini, mzee? Pale katikati tope ni refu kuliko mnara, na ni laini kama udongo wa mfinyanzi. Ukilitoboa linajifumba lenyewe.”

“Sisemi katikati. Ukingoni. Ukingoni tope ni jembamba, na chini yake ni mwamba.”

Cheko likamtoka usoni. Alilitazama tope lake, akamtazama Fundi, na niliona anamheshimu kiasi cha kutomdanganya.

“Ukingoni ndiko mwamba ulikopasukia,” alisema. “Huko sijapima, mzee. Siwezi kusema.”

Fundi aliitika kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoijua, akaondoka na spana yake. Nilitamani kumzaba kofi yule binti. Ukweli ni mzuri, lakini una saa zake za kugonga mlango.

Ijumaa niliunguza chakula. Sikuunguza hasa, nilisahau. Nilikuwa nimebandika mchuzi wa wageni, mawazo yakanichukua, na nilipozinduka ulikuwa umekauka nusu sufuria. Niliuonja. Chumvi iliniuma mpaka masikioni. Nikaanza kujitukana kwa sauti, na Daktari akaingia amebeba chupa za maji ya ziwa na kipimo chake kidogo chenye taa.

“Usijali mama, hata mimi leo kila kitu ni chumvi,” alisema. “Haya maji yamezidi. Wazee waliopima zamani waliandika robo tu ya hiki ninachokiona.”

Nilikuwa bado nimeshika mwiko. Juu ya kabati kulikuwa na sufuria yangu kuukuu, ile niliyoacha kuipikia ilipotoboka, nimepanda vitunguu ndani yake. Nikaitazama. Nikaitazama ya mekoni. Halafu nikakaa juu ya ndoo.

“Mwanangu,” nikasema, “sufuria ikitoboka chini, mchuzi unapungua. Sivyo?”

“Unapungua.”

“Lakini haukolei chumvi. Unatoka na chumvi yake. Nimeona kwa macho yangu, mchuzi uliovuja ladha yake ni ileile, ni kidogo tu.”

Daktari aliweka chupa mezani moja baada ya nyingine.

“Ndivyo ilivyo,” alisema. “Ziwa likivuja, maji yanatoka na chumvi yake. Jua linakunywa maji matupu, chumvi linaiacha. Ziwa hili lingekuwa na tundu la kulikausha, lisingekuwa chungu hivi.” Akanitazama vizuri. “Mama, kwani nani anasema lina tundu?”

“Hakuna,” nikasema. Nikamkumbatia na mwiko wangu, nikampaka mchuzi mgongoni.

Nilimweleza Fundi usiku uleule, naye akasikiliza, akaniambia, “Maneno ya jikoni.” Akageukia ukutani. Nilimjua. Masikio yake hayaamini, ulimi wake ndio unaoamini. Basi asubuhi ya Jumamosi nilivaa viatu, nikachukua kikombe cha bati, nikasimama mlangoni.

“Twende ziwani.”

“Siendi huko.”

“Utakwenda kuwaambia watu umelitoboa ziwa ambalo hujaliangalia tangu siku hiyo? Fundi gani huyo asiyekagua kazi yake?”

Hilo lilimpata. Alivaa viatu.

Tulitembea juu ya uwanda, chumvi ikivunjika chini ya miguu yetu kama maganda ya mayai. Tulipita nguzo za gati la zamani, zimesimama peke yao pakavu. Tulipita mtumbwi uliojaa mchanga. Mkono wa Fundi ulikuwa wa baridi na ulikuwa umenishika kwa nguvu, kama siku ile tuliyomzika mama yake. Mwishowe ardhi ikalainika, na maji yakawa pale mbele yetu, membamba, yametulia, hayana habari na mtu.

Nikachota nikampa.

Alipiga funda. Akalizungusha mdomoni jinsi nilivyomwona akifanya mara elfu nilipokuwa msichana na yeye ana nywele. Uso ukamkunjamana. Akatema. Akachota mwenyewe, mara ya pili, akazungusha tena kwa muda mrefu zaidi, macho ameyafumba.

“Kali,” alisema.

“Kuliko zamani?”

“Zamani tulikuwa tunanawia uso.” Akachuchumaa. “Halijavuja. Maji haya yamekaa hapahapa, yamenywewa kutoka juu. Halijavuja hata tone, mke wangu. Yale ya mashine yangu yaliingia kwenye ufa wa mwamba tu, yakaenda zake.”

Nilingoja acheke, au asali, au aniinue juu kama kijana. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya mkutano, akalia. Nami nikakaa, suruali imekwisha haribika, gauni lina ubora gani? Nilidhani ni furaha. Niliendelea kudhani hivyo mpaka aliposema.

“Nilinunua saruji.”

“Saruji gani?”

“Ile iliyoko stoo. Nilikwambia ni ya kupanua jiko. Nilikuwa nangoja maji yasogee mbali, nipate kulifukua lile tundu vizuri nilizibe. Kila mwaka nasema mwakani.” Alijifuta pua kwa kiganja. “Niliyetoboa ndiye ningeziba. Sasa hata sina cha kuziba.”

Miaka yote hiyo nilidhani anabeba mzigo, kumbe ndani ya mzigo alikuwa ameficha tumaini, na mimi na sufuria yangu tumeyatupa yote mawili. Nilimwegemeza kichwa begani mwangu, tukakaa mpaka jua likaanza kutuuma.

Ukumbi ulijaa. Fundi alikuwa amevaa suruali nyingine, na nilimkalisha katikati yangu na ukuta ili asipate pa kupita. Mbele yetu alikaa kinyozi, pembeni Mama Cherehani na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, ameisahau kama kawaida yake. Daktari alieleza vizuri: nchi iliyopasuka, mlango wa mto ulioziba, tope, tepe nyeupe. Alisema ziwa limewahi kuondoka na kurudi, na kwamba kurudi kwake hakupimwi kwa umri wa mtu. Watu walisikiliza kwa adabu, na huzuni.

“Kuna swali?” mwenyekiti aliuliza.

Fundi alisimama. Nilimvuta shati, kifungo kikabaki mkononi mwangu.

“Sina swali,” alisema. “Mnakumbuka nilichimba nyuma ya soko la samaki. Maji ya mashine yalipotea chini. Nikaamini nimelitoboa ziwa. Leo nimejua sikulitoboa. Lakini miaka yote hii niliamini, nikawatazama mkihama, nikawapakilia mizigo, nikanyamaza. Kutoboa si kwangu, ila kunyamaza ni kwangu. Naomba mnisamehe.”

Nikafikiria ni nguo zipi nitafunga kwanza. Ndipo kinyozi alipogeuka na kiti chake chote.

“Fundi!” alisema. “Mimi nilidhani ni mimi!”

“Wewe?”

“Si nilichepusha kijito cha juu nimwagilie mchicha wangu? Mwaka uleule! Nikaona ziwa linakwenda, nikasema mama yangu, mchicha umeua ziwa. Nilikirudisha usiku usiku, mpaka leo sili mchicha!”

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakapigana mabega, na mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti kwamba yeye alidhani ni kwa sababu alifulia nepi za watoto wake mle ndani, wote wanane. Mwenyekiti aligonga meza huku machozi yakimtoka. Nilimshika Fundi mkono, nao ulikuwa umepata joto. Nikawapenda watu wale kuliko nilivyowahi kuwapenda.

Mama Cherehani alisimama kabla kicheko hakijaisha, kwa hiyo kiliisha vibaya, kimoja kimoja.

“Ni mimi,” alisema. “Lilipomchukua mwanangu nilikwenda siku moja kwenye ngazi za soko, nikasimama, nikaliambia, na wewe ukauke. Mwanangu hutaki kunipa, na wewe ukauke usipate hata wa kukunywa. Likakauka. Nyinyi mmehama kwa ajili yangu.”

Daktari aliteremka kutoka mbele, akamwendea, akamwambia kwa sauti ya chini, ya mtoto kwa mama yake. “Mama, ziwa halisikii maneno ya mtu. Ni mvua na jua tu. Huna kosa lolote, nakuapia.”

Alikuwa anampa zawadi ileile tuliyoipata sisi asubuhi. Lakini uso wa Mama Cherehani ulijifunga.

“Usiniambie halikunisikia,” alisema. “Sikuwa na kingine cha kumfanyia. Kaburi sina, hata kiatu chake sina. Nilimsemea neno moja, nalo likafanya kazi. Sasa unataka kuniambia na hilo pia halikufika?”

Daktari alibaki amenyoosha mikono. Nilimgeukia Fundi, bado amesimama, shati halina kifungo, na nikajua anaona saruji yake stoo.

“Lilikusikia,” alisema.

Watu wote wakamgeukia.

“Siku ile nilikuwa nyuma ya soko na mashine yangu. Nilikuona kwenye ngazi unaongea nalo. Sikujua unasema nini. Lakini ulipomaliza tu, maji yangu yalikatika. Nilimwaga mapipa mawili, yote yakamezwa.”

Daktari alifungua mdomo. Nilimtazama jinsi ninavyowatazama wageni wanaotaka kuvuta sigara kitandani, akaufunga.

Fundi amenisimulia siku ile mara mia, keekee ilivyozama, mapipa, sauti ya maji huko chini. Mama Cherehani hakuwamo hata mara moja.

“Yalikatika?” Mama Cherehani aliuliza.

“Yalikatika kabisa, mama. Saa ileile.”

Aliketi. Aliivua ile futi shingoni, akaizungusha kidoleni taratibu kama mtu aliyemaliza nguo ya mteja, akaiweka mapajani.

“Basi,” alisema. “Sasa lirudi.”